Mutoto akienda mwaka mumoja kusoma Marekani, atarudi wetu? Jibu kwa mama wa Kampemba

Swali lenye lilifika: "Mimi ni mama wa watoto watano, tunaishi Kampemba hapa Lubumbashi. Binti yangu iko na miaka 16, anamaliza ya pili ya humanite, mu sekondari, na wamemukubali mu programu ya kubadilishana wanafunzi. Ataenda Marekani mwaka mumoja, aishi kwa familia ya kule, asome na watoto ya kule. Yeye iko na furaha sana. Baba yake anasema atapotea, atarudi muzungu hatatusikia tena, na tena atapoteza mwaka wa masomo. Mashemeji wanasema nimeuzisha mutoto. Niko katikati. Huu mwaka utamufanya nini mutoto wangu?"

Mama, asante kwa kuandika, na pole juu ya maneno ya mashemeji, najua yanachoma. Kazi yangu ni kushauri vijana na wazazi juu ya masomo, hapa hapa Lubumbashi, na watoto wenye walienda mwaka mumoja inje na kurudi nimezungumuza na wengi, wenye walirudi wamechangamuka na wenye walirudi wakajifungia mu chumba hawataki kuona mutu. Kwa hiyo sitakudanganya ku upande wowote. Mutoto wako atabadilika, baba yake ameona vizuri pale. Lakini atabadilika namna gani, hiyo Marekani yenyewe haiamue sana. Inaamuliwa na watu wa ile nyumba atalala, na inaamuliwa na nyinyi hapa Kampemba siku atarudi. Sana sana nyinyi.

Nianze na ile nyumba. Watu wakisikia Marekani wanawaza majengo marefu na mataa, lakini mutoto wa programu ya namna hii mara mingi anaangukia mu muji mudogo tu, hakuna mutu pale alisha kusikia jina Lubumbashi, basi ya masomo inapita asubuhi mapema, jioni wanakula mapema, kisha kila mutu anaenda mu chumba chake. Mitaani hakuna watu wa kusalimia. Mutoto mwenye alizoea kelele ya kwetu, watoto ya jirani wanaingia bila kubisha, anaona ile kimya kama vile amefanyiwa ubaya.

Alafu kuna jambo la frigo, hilo vijana wananiambia sana, na kila mara naliona ni kubwa kuliko vile linaonekana. Kwetu mugeni hafungue frigo ya watu. Ukimuuliza amekula, atasema asante nimeshiba hata kama tumbo linalia, na wewe mwenye nyumba unajua ile "asante" ni heshima tu, unamuwekea bukari na sombe mbele yake, unamuambia kula mwanangu, anakula. Sasa anafika kule, mama wa nyumba anamuuliza uko na njaa? Anajibu hapana asante. Yule mama anasema sawa, anaendelea na kazi yake. Kwisha. Harudie kuuliza tena, juu kwake yeye kurudia ni kumusumbua mutoto, na siku ya kwanza kabisa alishamuonyesha frigo akamuambia kamata chenye unataka, hii ni nyumba yako. Mutoto analala njaa mu nyumba yenye imejaa chakula, na mu roho anasema hawa watu hawanipendi. Inaomba siku, kwa wengine majuma, mbele asimame mchana kweupe watu wanamuona, afungue ile frigo, akate mukate, apake siagi, akae akule. Mimi naonaka kwamba siku ile njo mwaka wake unaanza kweli. Amejua kwamba wale watu hawakumunyima, walikuwa tu na namna yao ya kukaribisha, na kuanzia pale hatakimbilia tena kusema mutu ni mubaya mbele ya kuuliza ile kwao inamaanisha nini. Kijana wa miaka 16 akijua hiyo na mwili wake, hata ku kazi, hata mu ndoa, itamutumikia.

Wataalamu nao walichunguza haya. Kuna Wajerumani wawili, Julia Zimmermann na Franz Neyer, mwaka 2013 walitoa utafiti ambamo walifuata wanafunzi wa universite wenye walienda kukaa inchi ingine, wakawalinganisha na wenzao wenye walibaki. Wale wa kwenda waliongezeka kuwa wazi kwa mambo mapya, kuelewana na watu, na hofu za ndani zilipunguka. Na walipotafuta sababu ni nini, waliona sehemu kubwa ilitokea ku watu wapya wenye mwanafunzi alifungamana nao kule. Kwenda tu haitoshi, inaomba mutu aingie mu maisha ya watu. Ingine ya 2018, ya Hajo Adam na wenzake, iliona kwamba mutu anajielewa zaidi yeye ni nani kama amekaa inchi ya kigeni muda murefu, na hesabu ya mainchi alipitia haikuwa kitu. Wale wote walikuwa watu wazima kidogo, wengi wa Bulaya na Amerika, mutoto wako si mumoja wao, lakini yale naona kwa vijana ya hapa yanafanana.

Njo maana nakuomba kitu kimoja kigumu, mama. Usimupigie kila siku. Najua utataka, kila muzazi anataka, na WhatsApp iko. Lakini mutoto mwenye anaamuka na Kampemba mu masikio na analala na Kampemba mu masikio hatapata nafasi ya kufungamana na wale watu, atakuwa tu mwili kule na roho hapa, na miezi itapita hivyo. Mupatane siku moja ku juma, siku ya Mungu ni muzuri, na angalieni saa: kama ni upande wa Chicago, mu wakati wa joto ya kule, kwetu ikiwa saa mbili ya usiku kwao ni saa saba ya mchana, na baridi ikianza inakuwa saa sita. Siku za kazi saa ile iko mu darasa, mutasumbuana bure. Mesaji fupi za katikati sawa, picha sawa. Na akipiga analia, usikimbilie kusema rudi. Musikilize mpaka amalize, alafu uliza leo amekula na nani, ameongea na nani.

Atalia, mama, nakuambia mbele. Kalervo Oberg, mwenye alifanya lile jina la mushituko wa utamaduni lijulikane miaka ya 1950, alieleza vizuri: mwanzo kila kitu ni kitamu, kisha mutu anachoka na vitu vidogo vidogo, anaanza kuchukia wenyeji, anatafuta wenzake wa kwao ili waseme mabaya pamoja, alafu polepole anasimama. Sverre Lysgaard wa Norvege, 1955, alihoji wenzake wenye walikuwa wameenda Marekani, akaona wenye walikaa kati ya miezi 6 na 18 njo walikuwa chini kuliko wenye walikaa pungufu ao zaidi. Wengine wenye walichunguza kisha waliona kwa watu wengi ugumu unakuwa pale mwanzo kabisa, basi usishike ile hesabu kama sheria. Mimi kwa vijana wetu naonaka mwezi wa 11 mpaka wa kwanza njo mubaya, baridi, jua linazama mapema sana, Noeli inafika na yeye iko kwa watu. Mwezi wa pili ao wa tatu unasikia sauti imebadilika, anaanza kusema "sisi" akizungumuzia wale watu. Pale wazazi wengi wanaumia. Usiumie, hiyo ni dalili muzuri.

Sasa hofu ya baba, ile ya kupoteza mwaka. Iko na msingi, na inaomba hesabu kuliko maneno. Mu kanuni za viza ya J-1, ile wanapatia wanafunzi wa sekondari wa kubadilishana, wanaomba mutoto awe hajapita miaka 11 ya masomo bila kuhesabia gardienne, ao awe kati ya miaka 15 na miaka 18 na nusu siku programu inaanza. Kwetu ni 6 ya primere, 2 ya edikasio ya baze, alafu humanite 4. Yeye akimaliza ya pili ya humanite iko na 10. Kwa hiyo anaweza kwenda sasa, na hata akingoja amalize ya tatu bado anaingia. Chenye sitaki ni aende akiwa finalisti, akatishe Exetat, ule mutihani wa serikali wa kumaliza sekondari, katikati, hapo njo watoto wanaumia kweli kweli. Akienda sasa atarudi aingie ya tatu, wenzake watakuwa ya ine, na ndiyo, ku karatasi ni mwaka mumoja nyuma. Masomo mengi ya kule hayamupi mwanafunzi wa mwaka mumoja diploma, yanamupa releve ya pointi tu. Wewe nenda kwa prefe wa masomo yake mbele ya safari, umuulize wazi kama atamupokea tena na mu sekisio gani, na akuandikie. Neno la mu koridori halitoshi, maprefe wanabadilishwa.

Kwangu mimi ule mwaka haujapotea. Atarudi na Kiingereza cha kusema, na hapa Lubumbashi, na mupaka wa Zambia pale Kasumbalesa karibu, na makampuni ya migodi yenye yanatumia Kiingereza, wewe mwenyewe unajua hiyo ina uzito gani. Lakini mimi nisingemupeleka juu ya Kiingereza peke yake, kwa Kiingereza kuna Ndola na Kitwe kule Zambia, karibu na bei ndogo.

Mashemeji wenye wanasema umeuzisha mutoto, uwaambie kwanza historia. Mashirika makubwa ya kazi hii, kama AFS, hayakutoka mu biashara: lile lilianza na madereva wa ambulansi wenye walikuwa wanabeba majeruhi mu vita ya kwanza ya dunia na ya pili, na mwaka 1947 wakaanza kupeleka wanafunzi wa sekondari waishi mu familia za inchi ingine, juu walikuwa wameona kwa macho yao chenye kinatokea watu wasipojuana. Alafu kuna sheria zenye wanaweza kuuliza. Kwa ile viza ya J-1 familia yenye inapokea mutoto hailipwe. Watu wazima wote wa mule nyumba, kuanzia miaka 18, wanachunguzwa kama hawana makosa ya jinai, na mutu anaenda kuona nyumba na macho. Lazima kuwe na mutu wa shirika mwenye anaishi pungufu ya maili 120, karibu kilometa 190, na kila mwezi azungumuze na mutoto na azungumuze na familia. Mutoto anapewa karata yenye namba za shirika na za Wizara ya Mambo ya Inje ya Marekani. Sasa, hizi sheria ziko juu watoto wengine walishaumizwa, tusijifiche. Kwa hiyo mbele aondoke, mama, kaa na binti yako wewe mwenyewe, mulango umefungwa, umuambie mambo yote bila aibu: mutu mukubwa akikugusa vibaya, akikunyima chakula, akikamata pasipoti yako, unapiga ile namba siku ile ile, na unanipigia mimi hata usiku. Watoto wetu wa kike tumewafundisha kunyamaza mbele ya wakubwa, na huko kunyamaza kunaweza kuwaponza. Umupe ruhusa wazi, na mudomo wako, ya kutonyamaza.

Na shirika lenyewe mulihakikishe. Shirika la kweli ndilo linatoa formu ya DS-2019, bila ile formu hakuna viza ya J-1, na majina ya mashirika yenye ruhusa yako wazi ku intaneti kwenye tovuti ya serikali ya Marekani, hakuna haja ya kuamini mutu. Kama ni mutu tu wa mu avenyu mwenye anaomba falanga mu mukono na anasema mutoto atapata na kazi kule, kimbia, ni bongo, mwanafunzi wa hiyo viza hana ruhusa ya kazi ya kuajiriwa, kazi ndogo ndogo kama kulinda mutoto wa jirani ao kukata majani tu. Mu bajeti muhesabie pia Kinshasa, juu mahojiano ya viza ni ku ambasade pale, na tikiti ya ndege ya kutoka hapa si kitu kidogo.

Nafika ku kurudi, na hapa nataka baba naye asome. Wazazi wanatayarisha kwenda: valizi, kitenge cha kupatia mama wa kule, maombi ku kanisa. Kurudi hakuna mwenye anakutayarisha. Bwana na bibi Gullahorn, Wamarekani, waliandika tangu 1963 kwamba mutu akirudi kwao anapita mule mule mwenye alipita akienda, furaha, kisha kuanguka, kisha kusimama. Na kuanguka kwa kurudi kunauma zaidi, juu kule alikuwa na haki ya kuwa mugeni, hapa kila mutu anamungojea awe yule wa zamani.

Ile siku ya airport Luano kila mutu atakuwa na furaha. Siku kidogo kisha, baba mukubwa anakuja kumusalimia. Mutoto anatoka, anamuangalia mu macho, anamunyoshea mukono mumoja, anasema habari, wala magoti hayajainama. Nyumba yote inanyamaza. Kule kwa miezi yote walikuwa wanamuambia niangalie mu macho ukinisemesha, kuangalia chini kule wanawaza unadanganya. Baba mukubwa anasema mnaona, niliwaambia, na tangu siku ile jina lake mu familia ni "muzungu". Ile jina, mama, inafanya ubaya mwingi. Nimeona vijana wenye waliitwa hivyo kwa kucheka tu, na wao wakaona basi kama hapa si kwetu tena nibaki nawaza kule. Afazali mumuite kando, umukumbushe polepole, kwetu tunasalimia hivi, na atakumbuka mbio sana, hakusahau, mwili wake bado ulikuwa kule. Na baba mukubwa umuambie mbele ya siku ile, aje tayari.

Kuna na wale wa kuomba. Alikuwa Marekani, kwa hiyo iko na falanga. Binamu anataka telefoni, mwingine viatu, na mutoto amerudi na valizi ya nguo za kupewa. Wewe njo mwenye utamukinga hapo, useme wewe, usimuache yeye ajibu.

Atasema courant inapotea sana, atasema maji, atasema barabara. Muvumilie kidogo. Kulalamika kule kunaweza kugeuka kazi kama kuna mukubwa wa kumuuliza, sasa wewe ungefanya nini? Mumupe kitu cha kufanya na ile amepata: afundishe Kiingereza watoto ya avenyu siku ya posho, aeleze ku kanisa, amusaidie baba na barua za Wazambia kama anafanya biashara nao. Na mumuache aendelee kuongea na ile familia ya kule. Amepoteza watu wenye walimupa chakula mwaka muzima, iko na haki ya kuwalilia, na kuwalilia hakuondoe kitu ku mapendo yake kwenu.

Baba akiniuliza kama kisha ataenda kuishi mbali, siwezi kumuambia hapana. Parey na Waldinger, 2011, walichunguza watu wenye walimaliza universite Ujerumani, wakiangalia vile Erasmus, ile programu ya Bulaya ya kubadilishana wanafunzi ya tangu 1987, ilifungua njia ya kusoma inje, na waliona kusoma inje kunapandisha uwezekano wa kufanya kazi inchi ya kigeni karibu pointi 15 kwa mia. Wale wako na pasipoti yenye inafungua milango, wetu hapana, lakini hamu ni ile ile. Kama baba hawezi kabisa kuvumilia mawazo ya binti anaishi mbali siku moja, aseme sasa, mbele ya mutoto, muzungumuze.

Na si kila mutoto anafaa kwenda. Mwenye anakimbia ugomvi mu nyumba, mimi namuzuia, ugomvi utamungojea na kule atakuwa peke yake nao. Mwenye amefiwa karibuni, angoje. Mwenye ni muzazi njo anataka kuliko yeye, hapana. Wako anataka mwenyewe, hiyo ni kitu kikubwa. Umuulize tu akikosa kupatana na ile familia ya kwanza atafanya nini, juu kuhamishwa familia kunatokea na si aibu. Akijibu "nitaongea", muzuri. Akijibu "nitavumilia", bado kuna mazungumuzo ya kufanya naye mbele ya safari.

Kwa sasa fanyeni hivi: ombeni shirika mupige video na ile familia, baba akiwa pale, hata kama lugha haipite binti atafasiri. Baba awaulize mambo yake yote, mutoto atalala wapi, nani anamupeleka kanisani, nani atakuwa nyumbani jioni. Wababa wengi wenye walikataa kabisa nimeona walilainika pale, walipomuona baba mwingine naye iko na hofu ya kupokea mutoto wa watu. Na kama kisha ya ile video bado anakataa, basi binti amalize ya tatu kwanza. Atakuwa na 17, kanuni bado inamukubali, na mwaka mumoja wa kuzungumuza mu nyumba hautamuharibia kitu.